Rusumo Inaanzia Mpanda

Nilipowauliza wanafunzi nani ana cheti cha kuzaliwa, kati ya 14, walionyoosha mikono ni sita. Mmoja wa hao sita, tulipofuatilia, alikuwa anamaanisha cheti cha ubatizo.

Tulikuwa tumekaa chini ya mti nyuma ya jengo la utawala, kila mmoja na sweta lake, maana Mwese mwezi wa Machi ni ukungu na manyunyu. Mimi nilikuja na orodha ndefu ya vitu vya safari: viatu vya kufunika vidole, shuka, sabuni, daftari la kuandikia, nguo nzito moja. Hata dawa ya meno nilikuwa nimeipigia mstari. Cheti cha kuzaliwa nilikiandika mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi baada ya kuepua sufuria.

Safari yenyewe ilikuwa ya Rwanda. Siku sita, likizo ya Juni, wanafunzi wa kidato cha tatu wa klabu ya historia na walimu wawili: Kigali, kisha Huye, kisha turudi. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam hiyo ni safari ya kusimuliwa wiki mbili na kusahaulika. Kwa Mwese ni habari nyingine, na msomaji asiyeijua Mwese inabidi nimpandishe kwanza.

Mwese iko juu. Unaliacha joto la Mpanda na vumbi lake, unaingia miombo inayokwenda bila kuisha, halafu gari linaanza kulalamika na wewe unaanza kutafuta koti. Ukifika unakuta vilima vya majani mafupi, ng'ombe, mashamba ya maharage na mahindi, na baridi ambayo wageni kutoka mwambao wa ziwa hawaiamini mpaka usiku wa kwanza upite. Upande wa magharibi safu za milima zinashuka kwenda Ziwa Tanganyika, na kwenye misitu ya Ntakata wapo sokwe. Vijiji vya wilaya yetu vinavyoutunza msitu ule vinalipwa fedha za kaboni. Wilaya inaitwa Tanganyika, makao yake Majalila, ndani ya mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wenyeji wa milima hii ni Watongwe na Wabende. Wapo Waha, wapo Wafipa wenzangu, wapo Wasukuma waliofuata malisho. Na wapo waliokuja na Kinyarwanda.

Hao walikuja miaka ya 1960. Machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959 yaliwatawanya Watutsi kwenda Uganda, Burundi, Kongo na huku kwetu. Waliokimbilia Kivu hawakupumzika, kwani kufikia 1964 Kongo nayo ilikuwa inawaka, na maelfu wakahamishiwa nyanda hizi za juu wakapewa ardhi waanze upya. Shirika la TCRS, la Wakristo waliokuwa wakihudumia wakimbizi, lilianzishwa mwaka huo huo wa 1964, na Mwese ilikuwa miongoni mwa makazi yake ya mwanzo. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda kwa makumi ya maelfu. Kwa hiyo katika wanafunzi wangu 14, karibu nusu wana bibi anayemsemesha ng'ombe kwa Kinyarwanda na kumgombeza mjukuu kwa Kiswahili. Wao wenyewe wamezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Rwanda wanaitaja kama mwingine anavyotaja kwa mjomba: mahali unapopasikia sana na hujawahi kulala.

Nilidhani, kwa ujinga wangu wa mtu wa Sumbawanga, kwamba hao ndio watakaonisumbua kwenye makaratasi.

Kanuni ni hii. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Sisi tunavuka kwa pasipoti, au kwa hati ya dharura inayokubalika ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pasipoti hii mpya ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Hati ya dharura ni 20,000. Fanya hesabu kwa watoto 14 na utaona kwa nini kikao cha wazazi hakikuchukua hata nusu saa: milioni mbili na laki moja kwa upande mmoja, laki mbili na elfu themanini kwa upande wa pili. Mzazi mmoja, muuza maharage, aliuliza kama hati ya dharura ina maana mtoto wake anakwenda kwenye dharura. Nikamwambia ni jina tu. Akasema majina ya serikali yana tabia ya kutimia.

Lakini hati au pasipoti, mlango ni ule ule: uthibitishe kwamba wewe ni Mtanzania. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha mzazi au kiapo chake, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mzazi, barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya mzazi kuridhia, barua ya shule, kibali cha elimu. Kila karatasi inaitegemea nyingine, na zote zinapatikana Mpanda au zinaanzia Mpanda.

Nilishuka Mpanda mara saba kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Nikiulizwa leo safari ya Rwanda ilikuwaje, picha inayonijia kwanza ni kiti cha mbele cha Noah chenye watu watatu, bahasha ya khaki nimeikumbatia kifuani, na mama aliyekaa nyuma yangu akiwa na jogoo mwenye hoja nyingi. Mara mbili nilipanda juu ya fuso la mahindi. Mara moja, mvua ya Aprili ilipoukata mteremko, tulilala njiani tukiwasha moto na kondakta akitusimulia ndoa yake ya kwanza kwa urefu ambao hata ndoa yenyewe nadhani haikuufikia.

Mpanda ni mji wa mwisho wa reli. Waingereza waliivuta njia ile kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ikaisha hamu, reli ikabaki, na mpaka leo treni ya Tabora ikiingia mji unapata uhai wa ghafla wa magunia na bodaboda. Nilikuwa nalala gesti ya karibu na stesheni, nakula ugali na migebuka iliyotoka Karema, na asubuhi nawahi steshenari kabla ya foleni. Dada wa steshenari ndiye aliyekuwa afisa wetu mkuu wa safari, ingawa hajui. Yeye ndiye aliyejaza maombi mtandaoni, akatoa namba za malipo, na ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba picha zote 14 nilizoleta hazifai.

Picha zile! Mpiga picha alipanda Mwese kwa bodaboda na shuka jeupe. Tukalitundika kwenye nguzo ya goli, watoto wakakaa mmoja mmoja kwenye kiti cha mwalimu mkuu, ukungu ukapita katikati ya mtoto na shuka. Zilitoka nzuri, wengine wanaonekana kama malaika wa kadi za Krismasi. Ila nyuma ilitakiwa bluu iliyopauka. Mara ya pili tulitumia khanga ya bluu ya mke wangu tukiigeuza upande wa ndani ili maandishi yasisomeke, na bado picha moja ilikataliwa kwa sababu juu ya sikio la mtoto lilionekana neno "Mungu".

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Kwenye rejista, mimi na wenzangu tumekuwa tukiandika majina kama tunavyoyasikia. Jina kama Habimana linafika masikioni mwetu Abimana, na kwa mwalimu mwenye haraka linaishia Abiman. Majina ya Kitongwe tunayageuza yafanane na ya Kifipa au Kisukuma, kutegemea nani kashika kalamu siku hiyo. Miaka mitatu darasani hakuna aliyelalamika. Karatasi mbili zilipowekwa pamoja mezani, watoto watano walikuwa watu kumi. Nililipia viapo vya majina kutoka mfukoni mwangu, na wakili alipouliza nani aliyekosea nilikohoa.

Sasa kijana aliyetuchelewesha kuliko wote hakuwa mjukuu wa mkimbizi yeyote. Alikuwa Mtongwe. Alizaliwa nyumbani, mbali na zahanati, siku ya mvua, mikononi mwa shangazi yake. Hakuna tangazo la kizazi, hakuna kadi ya kliniki. Baba yake naye alizaliwa vivyo hivyo. Babu yake nilimfuata mwenyewe, mwendo wa saa nne kwa miguu, nikidhani labda ana chochote cha kodi ya zamani. Mzee yule alinipeleka mpaka ukingo wa kilima akaanza kunitajia: mto ule jina lake hili, kilele kile baba yake alitambikia pale, bonde lile amezikwa fulani mwana wa fulani. Alitaja vizazi saba bila kumeza mate. Nikasimama na kalamu yangu. Katika vyote alivyonionyesha, hakuna hata kimoja kilichogongwa mhuri.

Tulianza na cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji, kiapo cha baba, kiapo cha shangazi mkunga. Faili lake lilikwenda na kurudi. Sitamlaumu mtu wa dirishani: alikuwa anauliza maswali yaliyoandikwa mbele yake, na akiyauliza kwa adabu. Ila lipo swali moja, "Una ushahidi gani kwamba babu yako alikuwa hapa?", ambalo kijana alilitafsiri kwa babu yake jioni ile, na mzee akacheka mpaka akashika mti.

Upande wa wajukuu wa Wanyarwanda mambo yalikwenda kinyume na nilivyoogopa. Niliingia kwa bibi wa msichana mmoja, mwanafunzi wangu hodari wa ramani, nikiwa nimetayarisha maneno laini. Nilijua wazee hawa hawapendi mtu kuja kuuliza walitoka wapi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kwa ajili ya karatasi."

Hakusubiri nijibu. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la majani ya chai lililopoteza rangi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa tairi. Ndani mlikuwa na mfuko, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa cheti cha uraia cha marehemu mume wake, cha 1980, kimekunjwa mara nne tu tangu kiandikwe. Chini yake cheti chake mwenyewe. Chini yake kadi za kliniki za watoto wote tisa, pamoja na za wawili waliofariki. Risiti za kodi. Kadi ya chama. Vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, vilivyokatwa mapema, kila mmoja kabla hajaanza kutembea. Nilikuwa sijawahi kuona nyumba yenye nyaraka zilizokamilika kiasi kile, hata yangu.

"Mtu akikuuliza wewe ni wa wapi," alisema, "usifungue mdomo. Fungua kopo."

Anavyosimulia, yeye alitoka Rwanda msichana mdogo, akakua Kivu, akaletwa huku: ndege mpaka Tabora, treni mpaka Mpanda, lori mpaka penye baridi. Alipoona ukungu na majani alijua ng'ombe wataishi hapa, kwa hiyo na yeye ataishi. Nilimwambia tunapita mpakani Rusumo, tunakwenda Kigali na Huye. Huye hakuijua. Alitaja Butare, akataja Kibuye kwao. Mjukuu akaleta ramani ya kitabu na kidole chake kikazunguka juu ya ziwa Kivu bila kutua. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa yake na miji ikabadilishwa majina: Butare ikawa Huye, Kibuye ikawa Karongi, Ruhengeri ikawa Musanze. Nilipomweleza, bibi aliitazama ramani kitambo. Akasema basi na huko nako wamekosea kuandika rejista.

Aliniazima cheti cha mume wake kwa masharti matatu: nisikikunje upya, nisikiache ofisini usiku, na nikirudishe mimi mwenyewe, si kwa mkono wa mtoto.

Baada ya hapo maandalizi ya mizigo yalikuwa mchezo. Chanjo ya homa ya manjano tulichoma mapema, kwa kuwa nguvu yake inahesabiwa baada ya siku kumi, na hatukutaka kubahatisha. Mifuko ya plastiki tuliwaeleza mara moja wakaelewa. Rwanda waliipiga marufuku 2008, na sisi wenyewe tangu Juni 2019 tumezoea ya kitambaa. Saa zilitupa tabu zaidi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa moja asubuhi ya Mwese ni saa kumi na mbili ya Kigali, na mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama akivuka daraja la Rusumo akirudi atakuwa amepoteza saa ile au ameazimwa tu. Tulifanya zoezi la kuvuka barabara uwanjani, maana kule magari yanapita kulia. Ng'ombe wa jirani ndio waliokuwa magari.

Lakini kitu kilichonikosesha usingizi ni swali moja dogo. Kwetu Tanzania kumuuliza mtu kabila lake ni kama kumpa kiti. "Wewe kabila gani?" na hapo hapo utani umeanza, Mfipa anamdai Msukuma, mnacheka, mnanunuliana soda. Watoto hawa wanaliuliza kila siku. Ilibidi niwafundishe wasiliulize, na kuwafundisha kuacha swali zuri kunahitaji sababu.

Kwa hiyo nilitumia vipindi viwili. Niliwaeleza jinsi wakoloni wa Kibelgiji walivyoanza, miaka ya 1930, kuwaandikia Wanyarwanda kwenye vitambulisho: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Jinsi serikali huru zilizofuata zilivyoliacha neno lile pale pale. Na jinsi mwaka 1994, kwa siku mia moja kuanzia Aprili, watu waliosimamishwa kwenye vizuizi waliambiwa watoe kitambulisho, na neno moja lililopigwa taipu likatosha kumuua mtu. Niliwaeleza kwamba baada ya hapo neno hilo liliondolewa. Niliwaeleza kuhusu makumbusho ya Gisozi tutakayoingia, yaliyofunguliwa 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Na kwamba daraja lile la Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, lilipitisha watu wapatao robo milioni kuja Ngara kwa muda wa siku moja tu. Niliwaambia tutakaposimama pale tusipige kelele.

Darasa lilikuwa kimya. Wale wenye bibi wa Kinyarwanda walitazama madaftari. Kisha kijana Mtongwe, ambaye faili lake lilikuwa bado halijatoka, akanyoosha mkono.

"Sasa Mwalimu, karatasi ni bora uwe nayo au usiwe nayo?"

Nilisema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Fedha nitazipitia haraka kwa sababu zilipatikana kama zinavyopatikana siku zote: mbuzi wanne, magunia ya maharage, harambee kanisani na msikitini, na kosta ya kukodi ambayo bei yake ilipanda kila tulipoiulizia. Niliwahi kuwaza kuomba kwenye fedha za kaboni. Nikapita mbele ya zahanati nikaona kina mama kwenye foleni, nikaghairi peke yangu.

Njia tulishaichora ukutani: Mpanda, Uvinza kwenye chumvi, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha kushoto mpaka mto Kagera. Kila nilipoitazama niliona kwamba tutapita karibu na Nyarugusu na Nduta, kambi za wakimbizi zilizokuwa na watoto wa umri huu huu waliokuwa wakisubiri karatasi za aina nyingine. Sikulisema hilo darasani. Watakaoangalia dirishani wataona.

Hati za mwisho zilitoka siku tatu kabla ya kuondoka. Nilizichukua Mpanda, nikazihesabu kwenye meza ya gesti, nikazihesabu tena kwenye fuso, na nilipofika Mwese jua linazama sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa bibi.

Alikuwa anakamua. Nilisubiri amalize, akanipa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa nimesimama kwa sababu bahasha ilikuwa kwapani. Akanawa mikono, akaifuta, ndipo akapokea cheti. Alikipeleka mlangoni penye mwanga. Alihesabu mikunjo: minne. Akakizungushia kitambaa, akatia mfuko, akarudisha kwenye kopo, akafunga mpira wa tairi mizunguko mitatu.

"Nikuletee nini kutoka huko, Bibi?"

"Mlete mtoto."

Niliaga. Nilikuwa nimeshafika kwenye uzio aliponiita.

"Na yule kijana wa Kitongwe? Wamempa?"

"Wamempa, Bibi. Na cheti cha kuzaliwa pia. Ametoka nacho leo."

"Haya," alisema. "Mwambie atafute kopo."